Iko Inaiba

Kabla ya mapambazuko, vikombe viwili kabatini vilianza kugongana polepole, kama meno ya mtu mwenye homa. Xavérine alifumbua macho. Évode alikuwa amefika, amewasha gari chini ya dirisha ili lipate moto kabla ya kumpeleka misa ya kwanza.

Gari lile kuukuu la buluu Xavérine aliachiwa na binti yake, Alida, alipofariki. Zamani liliunguruma bila kutikisa hata unyasi. Lakini tangu Évode, mume wa marehemu, alipoliazima kwenda kuchukua mzigo Nyabugogo na likalala huko, likisimama tu linatetemeka. Gahongayire, jirani wa Xavérine, hakumung'unya maneno: "Gari likilala nje, huamka na vipuri chakavu vya mwenzake. Na mkwe, dada yangu, binti akishazikwa, anafuata nini kwako?"

Swali hilo lilimkwama kama mwiba wa samaki. Watoto wengine walikuwa mbali. Katika nyumba ile ya Busanza, Évode peke yake ndiye aliyekuwa bado akibisha hodi. Sasa kila wema wake uliota kivuli. Alipompangusia kiti, Xavérine alijiuliza anafuta nini. Alipomfunga mkanda taratibu asije akakunja kitenge chake, alijiuliza kwa nini mikono ile ni mipole kiasi kile.

"Leo hatuendi misa," Xavérine alimwambia Évode alipotoka nje asubuhi ile. "Nimemwita fundi."

Évode alimtazama kidogo. "Ungeniambia, Mama, ningelipeleka mwenyewe."

Ndiyo maana sikukuambia, aliwaza Xavérine. Akasema, "Chai ipo mezani."

Silvère, fundi wa magari, alifika jua likichomoza. "Mwaramutse, Mama! Mkwe yako iko wapi? Ikae kwa usukani."

Kiswahili chake kilikuwa cha Kigali: mtu, mbuzi na sufuria, vyote vilikuwa iko. Xavérine, aliyekulia Buyenzi, mtaa wa Waswahili kule Bujumbura, alizoea kumtania. Leo hakutania. Alivuta kigoda karibu, akawatazama mikono wanaume wote wawili.

Silvère alifungua plagi moja moja, akazikagua, akazirudisha. Évode akawasha. Gari likatetemeka. Fundi akainama, akatega sikio.

"Hee! Iko inaiba," alisema bila kuinua kichwa. "Siku mingi iko inaiba."

Xavérine alisimama hata kigoda kikaanguka. "Nilijua!" Alimkazia macho Évode kupitia kioo. "Mungu wangu, nilijua. Gari la Alida, Évode? La Alida?"

Vidole vya Évode vilibana usukani.

Silvère aliinuka, akawatazama kwa zamu. "Hewa, Mama! Injini inaiba hewa. Mpira hii ya kupitisha hewa iko na ufa, inavuta hewa ya pembeni." Aliubana ufa kwa vidole viwili. Gari likatulia, ndani ya nyumba vikombe vikanyamaza. "Ni uzee tu. Mpira hii ilikuja na gari. Hakuna mtu aliigusa." Akacheka. "Kwani ulifikiri iko nani inaiba?"

Hakuna aliyecheka naye.

Baada ya fundi kufunga mpira mpya na kuondoka, Évode alinawa mikono. Chai yake ilikuwa imepoa bila kuguswa. Alikiinua kile kigoda, akakipangusa vumbi, akakiweka ukutani penye kivuli. Kisha akampa Xavérine funguo kwa mkono wa kulia, wa kushoto ukishika kiwiko, kama mtu anayemheshimu mkwewe.

"Limepona, Mama. Sasa hata mtoto wa jirani anaweza kukuendesha."

Alielekea getini. Xavérine alisikiliza kabati. Kimya. Alikuwa ameutamani ukimya ule kwa majuma mengi, na sasa uliijaza nyumba nzima. Akatembea haraka kadiri magoti yalivyomruhusu, akamfikia, akazirudisha zile funguo kiganjani mwa Évode na kukifumba kwa mikono yake miwili.

"Jumapili uje, mwanangu," alisema. "Hata gari likiwa zima, uje."