Mpapai Juu ya Shimo

Jirani yangu Mwinyimvua alitajirika kwa mavi ya wapagazi, na mimi wivu ukanikaba mpaka chakula hakipiti.

Ilikuwa Bagamoyo, miaka miwili kabla ya Wajerumani kutweka bendera yao. Misafara ikishuka na pembe za ndovu kutoka Unyamwezi, wapagazi walipiga kambi pembeni mwa mji kwa maelfu, na kila kichaka kikawa choo. Wenye nyumba za karibu walilalamika. Mwinyimvua hakulalamika. Alichimba mashimo, akayazungushia makuti, akaweka rundo la majivu na kata ya kifuu ya kuchotea. Mtu akimaliza haja, anamwaga kata moja ya majivu, anakwenda zake. Wenye nyumba walimlipa mtama ili wapate kupumua. Shimo likijaa alilifukia na kupanda mpapai juu yake. Papai la kwanza likiiva, ndipo anachimba. Kinachotoka ni udongo mweusi, na wenye mashamba walikuwa wakiugombania kwa mapakacha.

Hayo yote ningeyameza. Lakini na yeye akapanda tambuu.

Tambuu ilikuwa kazi yetu sisi. Baba aliniachia mitambuu arobaini na miwili, na hapakuwa na harusi mjini isiyotafuna majani yetu. Sasa Bi Mwanahija, anayetengeneza uraibu wa maharusi, tambuu kwa popoo na chokaa, akawa anapita mlangoni kwangu bila kusimama, akirudi na kikapu kimejaa majani ya Mwinyimvua, mapana kama viganja vya mvuvi.

"Umeyaona majani ya mwenzio yalivyonona?" mke wangu Mwanvita akaniuliza.

"Nimeyaona. Na nimeyanusa."

"Hayanuki yale, Ausi. Kinachonuka ni roho yako."

Nikaenda kwa Mwalimu Mbaruku wa chuo cha Kurani. Chuo mimi nilikiacha mapema, sikufika hata juzuu ya tano, lakini najisi naijua. Nikamwambia watu wanatafunishwa mavi harusini. Kesho yake akaja na wazee, mimi nimetangulia mbele kwa furaha. Mwinyimvua akafukua shimo ambalo papai lake limeiva, akamtilia Mwalimu udongo mkononi. Mwalimu akaunusa, akaufikicha kwa vidole.

"Huu ni udongo," akasema. "Kilichogeuka kimegeuka. Ila kabla papai halijaiva ni najisi, na kilichomea humo kisitiwe mdomoni. Mmesikia?"

"Tumesikia."

"Ausi, wewe uliyeuliza, umesikia?"

"Nimesikia, Mwalimu."

Basi nikaona nimfuate hukohuko. Nikachimba shimo langu hatua ishirini kutoka la kwake. Wapagazi wakaangua kicheko. Wanyamwezi ni watani zetu, hawana haya.

"Nyie watu wa pwani! Njia nzima tunalipa hongo kwa machifu ndipo tupite. Kama mmeanza kugombania mavi yetu, mwakani mtatulipa hongo nyie!"

Shimo likajaa, nikalifukia, nikapanda mpapai. Ukarefuka upesi, ukatoa maua yanayoning'inia kwenye vijiti virefu. Mpapai dume. Ule hauzai mpaka Kiyama. Mwenye akili angepanda mwingine na kuanza kungoja upya. Mimi nikatazama upande wa pili, mipapai ya Mwinyimvua imebeba mpaka inainama. Nikasikia harusi ya Zaina binti Mohamedi, kubwa kuliko zote mwaka ule, imebakiza mwezi mmoja, na Bi Mwanahija hajachagua majani. Shimo langu lilikuwa na miezi mitano.

Nikangoja Ijumaa, watu wote wako msikitini, nikachimba pembeni, mpapai nikauacha umesimama. Kilichotoka hakikuwa udongo. Nikakitia hivyohivyo kwenye mashina yote arobaini na mawili.

Wiki ya pili majani yakapanuka. Nikamwita Bi Mwanahija.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu." Akasimama ghafla, akaziba pua kwa upindo wa leso. "Umetia udongo wa shimoni?"

"Ndiyo, kama anavyotia mwenzangu."

"Papai lake liliiva lini?"

Hakuningoja nijibu. Akatoka hadi kwenye shimo langu, akainua macho akatazama yale maua yanavyopepea. Akacheka mpaka akakaa chini.

"Dume! Ausi baba, hata mti umekukatalia!"

Kabla ya magharibi mji mzima ulikuwa umejua. Hukumu niliyomwendea Mwalimu kwa miguu yangu mwenyewe ikaniangukia mimi. Hakuna aliyetaka jani langu hata la kufungia tumbaku. Halafu mitambuu yenyewe ikaanza kuwa manjano kuanzia chini. Kile kitu kibichi kilikuwa kimeunguza mizizi.

Mwinyimvua akaja na pakacha la udongo, akalitua barazani.

"Chukua, jirani. Papai la huu nimelila mwenyewe."

Sikuligusa. Mwanvita akalibeba, akatia kwenye mchicha wake, na mchicha ule nikaula, mtamu kuliko nilivyotaka.

Wivu ule ulinigharimu haya: mitambuu arobaini na miwili ya baba yangu, haukubaki hata mmoja. Harusi ya Zaina, na nyingine sita za mwaka ule. Swala moja ya Ijumaa. Na mpapai mmoja dume, ambao niliukata kwa mkono wangu.