Ngozi ya Skuta

Ilizima katikati ya barabara ya Kiwanjani, saa saba mchana, jua likiwa utosini na mimi nikiwa na nguo zangu za Idi. Haikuzima kwa heshima. Ilikoroma, ikakaza gurudumu la nyuma, ikaburura tairi hatua tano hivi, kisha ikanyamaza. Nilikanyaga kiki. Kiki haikushuka. Nikapanda juu yake kwa miguu yote miwili, mwalimu mzima wa hesabu, mama wa watoto watatu, narukaruka kama mtu anayeua nyoka. Vijana wa bodaboda walikuwa wamekaa kwenye kivuli cha duka wakinitazama.

"Madam," mmoja akasema, "uza hiyo kitu ununue mbuzi."

Siku hiyo ningefungua mdomo, ningemwaga yote.

Safari yenyewe ilikuwa ya kuirudisha, na hilo ndilo lililoniuma. Miezi minane nilikuwa nimehangaika kuifufua hiyo skuta, na asubuhi ile ile baba yangu alikuwa ameniamuru niirudishe nilikoitoa. Nilikuwa nimechoka na wazee. Nilikuwa nimechoka nao wote, wangu na wa wenyewe.

Ni Vespa ya mwaka wa sabini na sita. Aba, ndivyo tunavyomwita baba, aliinunua alipokuwa akichanja mifugo, akaenda nayo Gotu, akaenda nayo Kulamawe, chupa za chanjo zikigongana kwenye sanduku la barafu lililofungwa nyuma. Mimi nilikuwa nasimama mbele, katikati ya mikono yake, kidevu changu kikiwa sawa na taa, na vumbi lote la Isiolo nililimeza nikicheka. Watu walimwita Jattani wa Skuta. Mpaka leo wako wazee wasiojua jina lake lingine.

Skuta hiyo hainywi petroli peke yake kama pikipiki za siku hizi. Lazima petroli ichanganywe na oil, la sivyo pistoni inaungua na kung'ang'ania ndani ya silinda. Aba alipima kwa kikombe kidogo cha kahawa, cheupe, chenye mstari wa buluu: kikombe kimoja kwa galoni. Kikombe hicho kilikaa rafuni, kimefunikwa mdomo chini, na hakuna aliyeruhusiwa kukinywea. Nilikinywea siku moja nikiwa na miaka sita na nikaona cha mtema kuni.

Mwaka wa tisini na moja Aba akahamishwa kikazi kwenda Moyale. Skuta akamwachia rafiki yake Kiogora, Mmeru aliyekuwa akiuza miraa hapa mjini. Baiskeli ya Kiogora ilikuwa imeibiwa, na miraa haisubiri mtu, ikifika adhuhuri imenyauka. Hawa wawili walikuwa kama pete na kidole. Kiogora alijua salamu za Kiborana zote, hata zile ndefu za kuulizia ndama, na Aba alikuwa akila githeri kwao bila kukaribishwa.

Aba aliporudi baada ya miaka mitatu, skuta haikuonekana. Kiogora naye alianza kuvuka barabara akimwona kwa mbali. Wakikutana uso kwa uso, ilikuwa "Habari," "Nzuri," basi, kila mtu na njia yake. Nilipouliza kisa, Aba alisema hakuna kisa. Miaka thelathini na miwili, hakuna kisa.

Nikawa mtu mzima nikiwatazama wakizeeka pande mbili za mji mmoja. Macho ya Aba yalianza kuingia ukungu. Moyo wa Kiogora ukaanza kumsumbua, na mwanawe Kinoti, ambaye ana duka la dawa za mifugo, aliniambia daktari ameshasema asipandishe hata ngazi. Mimi nilitaka jambo moja tu: wazungumze kabla hatujamzika mmoja wao. Nilijua atakayebaki atakaa langoni akiongea peke yake, na kama ni Aba, mimi ndiye nitakayemsikiliza.

Kinoti ndiye aliyenionyesha skuta. Ilikuwa kwenye stoo yao, imelala kwa ubavu chini ya magunia, imefanya kutu mpaka ukiigusa inabaki mkononi. Kiti chake kilikuwa kimeng'oka na kuwekwa kando, na juu ya kiti kuku alikuwa amelalia mayai.

"Chukua," Kinoti alisema. "Mzee hataki hata kuiona. Lakini kiti uache, huyu ameingia wiki ya pili."

Nikaichukua bila kiti. Nilijiona mjanja sana. Nitaifufua kimya kimya, niipeleke kwa Aba siku ya Idi, afurahi, moyo ulainike, kisha tumwite Kiogora. Hesabu yangu ilikuwa safi kabisa ubaoni.

Fundi wangu aliitwa Lopeyok, na Mungu amsamehe. Fundi mzuri, sikatai, lakini neno lake lilikuwa moja: kesho. Kesho kabureta. Kesho klachi. Nilikwenda gereji kila Ijumaa baada ya shule, na kila Ijumaa nilimkuta chini ya tuktuk ya mtu mwingine, miguu tu ndiyo inaonekana, na miguu hiyo ndiyo niliyoigombeza kwa miezi minane.

"Mwalimu, haraka haraka haina baraka," miguu ilinijibu.

"Lopeyok, hiyo haraka iko wapi?"

Pistoni ilitoka Nairobi ikawa kubwa. Ikarudi, ikaja nyingine ikawa ya pikipiki tofauti kabisa. Fundi wa viti alinishonea kiti kipya chekundu wakati nilisema cheusi. Lopeyok alitaka kunyoosha ubavu uliobonyea, pale Aba alipoangukia mawe karibu na Gotu, na hapo tulikosana kabisa, kwa sababu nilimwambia akigusa hapo tutaonana kwa chifu. Hatimaye, wiki moja kabla ya Idi, iliwaka. Ilitoa moshi wa buluu, ikalia ile sauti yake nyembamba, na nikajikuta nimeshika ukuta wa gereji nalia mbele ya wanaume waliojaa grisi.

"Oil usisahau," Lopeyok aliniambia, akitia chupa kwenye kisanduku kilicho mbele, karibu na goti la dereva. "Hii ni mzee. Ukiinyima, inakufa."

Asubuhi ya Idi niliingia nayo uani. Aba alikuwa ameketi kwenye mkeka, kanzu imepigwa pasi, fimbo kando. Alisikia sauti kabla ya kuona chochote na akasimama bila fimbo. Alikuja mikono mbele, akashika taa, akashuka na kidole mpaka ubavuni, akapata pale palipobonyea. Uso wake ukafunguka. Nilimwona, wallahi, nilimwona baba yangu wa zamani akiwa amesimama pale uani.

Kisha mkono ukafika kwenye kiti.

"Hiki si chake," alisema. "Nani alikupa mnyama huyu?"

"Kinoti, Aba."

"Kinoti si mtu niliyempa. Kiogora amesema nini?"

"Hajasema kitu. Aba, ni yako. Imerudi."

Akaondoa mkono. "Haijarudi. Umeitoa kwa mlango wa nyuma." Akaketi tena, polepole, akitafuta mkeka kwa kiganja. "Nilimpa Kiogora kama watu wanavyompa rafiki ng'ombe wa maziwa. Dabare. Unamkamua, unalisha watoto wako, lakini mnyama ni wangu. Hiyo huombi urudishiwe, ni aibu kuomba. Yule uliyempa ndiye anayemleta kwa mkono wake. Na mnyama akifa, anakuletea ngozi, ndio ujue amekufa, hakuuzwa. Mimi sijaletewa mnyama. Sijaletewa ngozi. Miaka thelathini na miwili, Dahabo, nangoja ngozi."

"Aba, Kiogora ni Mmeru. Atajuaje mambo ya ngozi?"

"Alikuwa anakula kwangu. Anajua."

"Na kama hajui?"

"Rudisha," alisema, na akageuza uso. Kwa Aba hapo ndipo mazungumzo huishia.

Basi nikapanda hiyo skuta na hasira zangu. Nilipita kituo cha mafuta, nikamwambia kijana, "Jaza," nikaondoka bila hata kuaga. Njia nzima nilikuwa nagombana na watu wasiokuwepo. Nilimgombeza Aba, nikamgombeza Kiogora, nikafika mpaka kwa kuku. Ndipo ikazima, pale mbele ya vijana wa bodaboda.

Niliisukuma hatua mia mbili zilizobaki mpaka lango la Kiogora. Alifungua mwenyewe, koti zito mwilini katika joto lile, kofia imeshuka hadi kwenye nyusi. Alinitazama mimi, kisha akaitazama skuta, na akashika nguzo ya lango. Hakuniuliza nimeipata wapi. Alisogea, akainama kwa shida, akaweka kiganja karibu na injini bila kuigusa, akanusa.

"Ulisahau kikombe," alisema.

Nilifungua kisanduku. Chupa ya oil ilikuwa humo, imejaa, karibu na goti langu njia nzima. Hasira hasara, nawaambia watoto darasani kila siku.

"Itafunguka ikipoa," Kiogora akasema. "Usilazimishe. Mimi nililazimisha." Alikuwa bado ameinama. "Siku ya kumi baada ya baba yako kuenda. Miraa ilikuwa inakauka, mimi niko na haraka, nikaambia wa petroli ajaze. Ikakaza. Nikakanyaga, nikakanyaga, ikapasuka ndani. Na alikuwa amenionyesha hicho kikombe mara tatu, Dahabo. Mara tatu, kama mtoto. Ningemwambia nini?"

"Ungemwambia imekufa, Baba Kinoti. Ni hivyo tu."

"Nilisema nitafute spea kwanza, nimpelekee ikiwa nzima. Mwaka ukaisha. Ukaisha mwingine. Halafu aibu ikakuwa kubwa kuliko skuta."

Nilikaa chini pale pale langoni na nguo zangu za Idi. Nilitaka kucheka na nilitaka kumtikisa. Mmoja anangoja ngozi, mwingine anangoja spea, na mimi katikati nimeota mvi.

"Anangoja ngozi," nilimwambia.

"Ngozi gani? Skuta iko na ngozi?"

Nikamweleza yote, ng'ombe wa maziwa, mkono kwa mkono, ngozi ya mnyama aliyekufa. Alisikiliza kofia ikiwa mkononi.

"Kwa hivyo hata kama imekufa ningeenda," alisema.

"Hata kama imekufa."

"Na hangenikasirikia?"

"Angekasirika siku mbili."

Aliingia stoo. Nilimsikia akibishana na kuku. Alitoka amekumbatia kile kiti cha zamani, ngozi yake nyeusi imepasuka, sponji inatoka, manyoya yameshika kwenye mshono. Alikipangusa kwa mkono wa koti. Kinoti, aliyetoka ndani aliposikia kelele, akataka kuitisha gari, mzee akakataa, akasema atakwenda sasa hivi kabla moyo haujabadilika. Kwa hivyo alipanda bodaboda ya yule yule aliyenishauri ninunue mbuzi, kiti mapajani, na mimi na Kinoti tukaisukuma skuta nyuma yao mji mzima. Jasho lilinitoka mpaka hina ikawasha.

Aba alikuwa langoni.

Kiogora alishuka. Kwa miaka yote ile ilikuwa "habari" tu. Siku hiyo alimtakia amani kwa Kiborana, "Nagaa, Jattani," akairudia. Kisha: "Skuta yako ilikufa mikononi mwangu. Nimeleta ngozi."

Aba alinyoosha mikono. Alikipokea kiti, akakipapasa pembeni, akapata ule mshono wa uzi mnene alioushona mwenyewe zamani.

"Inanuka kuku," alisema.

"Ni kweli."

"Ilikufa na nini?"

"Kiu. Nilisahau kikombe."

"Nilikuonyesha."

"Ulinionyesha. Mara tatu."

Aba alikaa na kile kiti kifuani. Nilidhani atasema rudi kwenu, kwa sababu namjua. Kinoti pia aliacha kuhema.

Walipata miezi kumi na moja baada ya siku hiyo. Niliwabeba kwa zamu kwenye skuta, kila Jumamosi, mmoja baada ya mwingine, na wote wawili walinifundisha kubadilisha gia kana kwamba sijui. Tulipomzika Kiogora mwaka uliofuata, Aba aliketi mbele pamoja na familia, na hakuna aliyemuuliza anafanya nini pale. Waliongea sana miezi ile, mpaka nikachoka nao upya. Lakini mimi nikikumbuka, sikumbuki maneno yao mengi. Nakumbuka Aba amegeuza uso upande wangu, siku ile pale langoni.

"Dahabo," alisema, "leta kile kikombe."

Nikakileta. Aliweka kiti chini, akaniomba chupa, akatia kidole gumba ndani ya kikombe ili asikie oil inapofika, maana macho hayakuwa yakimsaidia. Ilipogusa kidole akaacha kumimina. Akanyoosha kikombe mbele yake, na Kiogora akakipokea kwa mikono miwili, akainama juu ya tangi nililomfungulia, akamimina mpaka tone la mwisho.

"Hiyo ni mara ya nne," Aba akasema.

Kiogora akasema amesikia.