Mbwa Aliyemchagulia Mkewe

Wezi walipoingia mchana kweupe wakabeba redio na pasi, Isidori hakuumia sana. Kilichomkata maini ni kwamba kesho yake mkewe, Severa, alirudi kutoka kazini na ushauri wa mwanamume mwingine.

"Baba Klara, Marcelino anasema tufuge mbwa."

Marcelino! Huyo ndiye msimamizi wa zamu kwenye kiwanda cha nguo alikofanya kazi Severa, na jina lake lilikuwa limeshahamia nyumbani mle kama mpangaji. Marcelino anasema hivi, Marcelino anasema vile. Isidori, karani wa tiketi stesheni ya reli, mtu mzima na akili zake, kila akilisikia alilihesabu: leo mara ya ngapi?

"Mbwa gani?" aliuliza, akijikaza.

"Anasema watu kama sisi, tunaotoka wote alfajiri, tusichukue mbwa mkubwa. Akikaa peke yake kutwa anapata wazimu, atatafuna milango. Tena atakula nini, na unga wenyewe huu wa njano wa msaada, huu wa Yanga, tunaupangia foleni? Tuchukue jike la mbwa wetu hawa wa kawaida. Mdogo, kelele nyingi, mlo kidogo."

Yalikuwa maneno ya maana, na hilo ndilo lililomuudhi zaidi. Angesema upuuzi, Isidori angecheka yakaisha.

Sasa tusifichane: alikuwa na wivu, wivu wa kumkosesha mtu usingizi. Severa alimaliza zamu saa nane, saa tisa yuko nyumbani Mchikichini. Isidori hafiki mpaka saa moja jioni. Binti yao Klara yuko Masasi kwa bibi yake. Basi saa nne nzima Severa alikuwa peke yake mle ndani, mwanamke wa kuwageuza watu shingo njiani, na saa hizo nne zilimtafuna Isidori kila siku kwenye dirisha lake la tiketi. Ikiwa wezi wameingia hamna aliyewaona, mwingine atashindwaje?

Kwa hiyo Isidori alimtaka mbwa, tena sana, ila si wa Marcelino. Alitaka jibwa la kumng'ata mwanamume akasahau njia.

Akalipata Kariakoo, karibu na soko jipya lililokuwa bado linajengwa. Mzee Jamnadas, muuza vitambaa, alikuwa anahamia Uingereza kwa mwanawe, na alitafuta mtu wa kumwachia Raja, mbwa wa aina ile ya polisi, masikio wima, kifua kama gunia la mchele.

"Ndugu Isidori, huyu amezoea watu. Nyumbani kwako kunakuwa na mtu mchana?"

"Yupo," Isidori akadanganya bila kupepesa macho.

"Haya. Na Kiswahili hajafundishwa. Akimshika mtu, mwambie 'bes.' Ni Kigujarati, kaa chini. Bila neno hilo hamwachi."

Severa alipomwona alishika kichwa. "Yesu na Maria! Mume wangu, tumezungumza nini?"

"Mimi ndiye mwenye nyumba hii, si Marcelino."

Severa akajifunza lile neno, akawa anamkandia Raja chapati, maana ugali aliugomea kabisa. Mchana mbwa alilia peke yake mpaka balozi wa nyumba kumi akaja kulalamika. Wiki ya pili akatafuna mlango wa jikoni, kama alivyosema yule yule asiyetajika. Isidori afadhali angeona paa linaliwa kuliko kukiri.

Kila jioni, kabla hata ya kuvua viatu, aliuliza: "Leo mbwa kambwekea nani?"

"Kila mtu. Mpaka kuku."

"Wageni?"

"Wageni gani, Baba Klara?" Severa alijibu, na yeye akachungulia vikombe, aone kama kimeoshwa kimoja au viwili.

Ilipotimu wiki ya tatu, akapata wazo, nalo akaliona la akili kweli kweli. Mbwa hasemi uongo. Kama Marcelino huwa anakuja, Raja atamtikisia mkia.

"Mwalike Marcelino Jumapili," akasema. "Aje amwone mbwa."

Masikini Severa alifurahi! Akadhani mumewe amelainika. Akapika wali wa nazi na samaki, akavaa kanga mpya, na hiyo kanga nayo ikamchoma Isidori moyo.

Marcelino alipopiga hodi, Isidori alikuwa ameshamfungua Raja mnyororo.

"Karibu, pita tu!"

"Asante, shemeji. Dada Severa haja—"

Hakumaliza. Raja alimrukia, akamshika paja, akamwangusha chini na shati lake la Jumapili. Marcelino alipiga yowe mtaa mzima ukasikia. Na Isidori? Isidori alisimama pale pale, raha imemjaa kifuani, machozi yanamlengalenga, akapiga kelele kama mtu ambaye timu yake imefunga goli:

"Mbwa hamjui! Hamjui! Wallahi hamjui!"

Severa akatoka jikoni mbio. "Bes! Raja, bes!"

Mbwa akaachia, akakaa. Severa akapiga magoti, akafungua kanga yake mpya, akaufunga nayo mguu wa Marcelino. Halafu akainua uso.

"Neno unalijua. Mbona ulinyamaza?"

Isidori akainama kumfunga Raja mnyororo.

"Na 'hamjui' maana yake nini?" Hakungoja jibu, lilikuwa limeshamfikia, lilionekana usoni. "Kumbe huyu hukumleta alinde nyumba. Ulimleta anichunge mimi."

"Mama Klara, sikiliza..."

"Miaka kumi na moja, Isidori." Hakuwahi kumwita kwa jina lake tangu Klara azaliwe. "Ungeniuliza mimi, ningekujibu. Ukaona bora umuulize mbwa. Haya, amekujibu. Kaa naye."

Marcelino hakuweza kukanyaga. Severa akamwinua, akamshika kiunoni, akauzungusha mkono wa Marcelino begani mwake, wakaanza kujikokota kwenda zahanati. Majirani walikuwa wametoka wote barazani. Isidori akawatazama mpaka wakakata kona, mwanamume mwingine amemkumbatia mkewe mchana kweupe, na hakuwa na wa kumlaumu.