Majina ya Marehemu

Kila asubuhi, kabla chai haijachemka, Naima alikuwa na kazi na marehemu.

"Haya mama, tuanze na babu."

Bi Hamisa, ameketi barazani kwa binti yake kule Chanika na miyaa ya kusukia mkeka mikononi, alianza kwa kununa: Mwishehe bin Twaha, na mkewe, na ndugu zao, hadi kitoto kilichokufa kabla ya arobaini yake.

"Umeruka mmoja."

"Unanichosha, Naima. Mie mwanafunzi wako?"

Mama alipoanza kusahausahau, muuguzi wa zahanati ndiye aliyesema akili ya mzee ishughulishwe: atembee, apige soga, asuke, ayakumbuke anayoyajua. Basi Naima akalishikilia neno hilo kama dawa. Alimpeleka mama gengeni, leo kwa njia hii, kesho kwa ile. Alimnunulia miyaa ya rangi, maana mkeka wa maua hausukwi kwa kusinzia. Lakini alichokikazania hasa ni majina. Katika ukoo wao, kila Shaabani, siku ya hitima kabla ya mfungo, Bi Hamisa ndiye aliyewataja marehemu ili shehe awaombee. Naima alijiapiza moyoni: mama akiyataja mwaka huu bila kukosea, maradhi yameshindwa. Nani alimwambia hivyo? Hakuna. Alijitungia mwenyewe, akajiamini mwenyewe, maskini.

Siku ya hitima ikafika. Wanawake walijaa sebuleni. Wanaume na Shehe Nurdin, mgeni mtaani, walikuwa upande wa pili wa pazia. Ulipofika wakati wa kuwataja marehemu, Mama Salma, mdogo wake Bi Hamisa, akajikohoza.

"Safari hii nitaje mie. Dada atatuaibisha."

"Mwache mama," Naima akasema, kwa ukali asioukusudia.

Bi Hamisa akajitanda kanga vizuri, akaanza. Jina baada ya jina, wala hakukwama. Hata kile kitoto hakukisahau. Shehe aliomba, watu wakaitikia amina, na Naima alilia kwa furaha waziwazi bila kumwonea haya mtu. Ameweza! Mama yake bado yupo!

"Na Naima binti Mbwana," Bi Hamisa akasema.

"Mwenyezi Mungu amrehemu," akaitikia shehe, asiyejua lolote.

"Amina," wakasema wanaume.

Upande wa wanawake, nyuso zote zikamgeukia Naima. Mama Salma akamnong'oneza dada yake. "Dada, astaghfirullah! Naima si huyu hapa?"

Bi Hamisa akageuka, akamtazama binti yake kwa adabu, kama anavyotazamwa mgeni aliyekuja kuhani msiba.

"Kumbe nawe unaitwa Naima? Jina la binti yangu hilo." Akamshika mkono. "Alikuwa ananisumbua huyo! Kila asubuhi majina, majina, nisiyasahau. Nilikuwa namnunia. Sasa ndiyo namkumbuka, mwanangu. Tangu afe sina wa kunisumbua."

Naima alitaka kupiga kelele, aseme mama, ni mie, nipo. Asubuhi ile ile alikuwa amemsuka nywele. Lakini uso wa mama yake ulikuwa na huzuni ya kweli, huzuni ya kumlilia yeye, Naima.

"Pole, mama," akasema.

"Tushapoa, mwanangu."

Nyuma ya pazia shehe akauliza kama kuna marehemu mwingine. Bi Hamisa akawaza, akakosa. Naima akajibu kwa niaba yake.

"Hakuna, shehe. Huyo ndiye wa mwisho."