Mkasi Uliokwenda Segerea

Mwili wa Fundi Zubeda uliingia mjini pamoja na ruksa ya biashara huria. Kabla ya hapo, miaka ile ya foleni, sukari ilipokuwa ikipimwa kwa kikombe na mche wa sabuni ukifichwa chini ya godoro, Zubeda alikuwa mwembamba kama watu wote wa Tabata. Hata wanene wa enzi hizo walikuwa wanene kwa sifa za zamani tu. Kisha maduka yakafunguka. Siagi ya kopo ikarudi, mchele ukajaa, soda zikauzwa bila ya kujuana na mtu. Wenzake walifurahi kwa kiasi. Zubeda alilipiza kisasi. Chai yote aliyoikosa aliinywa upya, na sukari yake.

Hakuna aliyemlaumu. Mumewe, Shomari fundi bomba, alitembea mtaani kifua mbele, maana mke aliyejaa ni tangazo la mume. Wateja nao walimpenda fundi aliyeenea kitini. Mwaka wa tisini na tatu, yaliyolalamika yalikuwa magoti. Zubeda alishona kwa cherehani cha miguu, hapo barazani kwake Tabata Kimanga, na kila akikanyaga alisikia kitu kinasagika ndani ya goti kama mchanga kwenye wali. Akawa anakanyaga kidogo, anapumzika, anakanyaga tena. Gauni la siku moja likawa la juma zima.

Zahanati walimpandisha kwenye mizani. Mshale ukaenda mpaka njia ilipoishia, ukagonga, ukatulia pale kama mtu aliyefika kwao.

"Mama, magoti yako hayana ugonjwa," daktari akasema. "Yana mzigo. Usipoutua, mwakani hutakanyaga hicho cherehani. Baada ya hapo utakuwa unashikwa mkono kwenda chooni."

La choo lilimuudhi. La cherehani lilimtisha, kwa sababu cherehani hicho kilimlisha hata miaka ile ambayo hapakuwa na cha kula.

Jioni ile aliitangazia nyumba kwamba kuanzia kesho anapunguza. Shomari akaweka kikombe chini.

"Unapunguza nini?"

"Mwili."

"Nani kakwambia umezidi?"

"Mizani."

"Mizani ya serikali hiyo, inajua nini? Mke wangu, fikiri. Ukikonda watu watasema Shomari kafilisika, hata unga hana."

Kesho yake akaja mdogo wake Zubeda, Mauwa, aliyekaa nyumba ya tatu, na bakuli kalifunika kwa kawa.

"Dada, kukonda siku hizi kuna jina lake," Mauwa akasema, kwa sauti ya chini ingawa walikuwa wawili tu. "Watu hawaulizi kama unafanya mazoezi. Wanauliza umeanza lini kukohoa. Na mie nina Nusaiba wangu wa kuoza. Wakwe wakija toka Kimbiji wakamkuta mama mkubwa wa bibi arusi kachujuka, watasema ukoo una nini?"

"Wataniona na magoti mazima."

"Magoti yamo ndani ya gauni, nani atayaona? Kula kwanza, halafu tuzungumze." Akafunua bakuli. Vitumbua.

Zubeda alijitahidi, asisingiziwe. Asubuhi alikunywa chai kavu. Saa nne mteja aliyefurahia sketi yake alileta maandazi ya shukrani. Adhuhuri jirani alimwita, "Karibu," na kukataa karibu ya mtu ni kumwita mchawi mchana kweupe. Alasiri Shomari alirudi na mishikaki, kwa huruma. Kila mtu mtaani alimpenda, na kila aliyempenda alikuja na sahani. Juma lilipokwisha, gauni lilikuwa limebana zaidi.

Aliyemsaidia alikuwa mtu asiyemwonea huruma hata kidogo, au ndivyo ilivyotakiwa ionekane.

Benedicta alikuwa Mnyamwezi wa Tabora, mjane, muuza mitumba. Alikaa Segerea, penye gereza, na kila akisema anakaa Segerea watu walimwuliza kafungwa miaka mingapi. Alileta kwa Zubeda magauni mapana ya Kizungu yapunguzwe yawatoshe wasichana wa mjini. Na kwa kuwa Zubeda ni Mzaramo, hao wawili walikuwa watani tangu zama za mababu, misafara ya Wanyamwezi ilipokuwa ikishuka pwani na pembe za ndovu mabegani. Mtani ana ruhusa ambazo ndugu hana. Anakutukana msibani nawe ukacheka. Anakula chako bila ya kukaribishwa. Anachukua kitu chako, umfuate ukakikomboe. Sharti ni moja tu: hakuna kukasirika.

Siku moja alimkuta Zubeda na chapati mkononi na machozi machoni. Akatua furushi lake, akaichukua ile chapati, akaikunja, akaila amesimama.

"Unalia nini, wewe? Umekosa ya pili?"

Zubeda akamweleza: magoti, mizani, Mauwa, vitumbua. Benedicta alisikiliza huku akitafuna.

"Kumbe ndo maana," akasema. "Babu zangu walibebaga pembe za ndovu toka Tabora mpaka hapa, wakarudi. Leo ndovu mwenyewe kakaa kwenye cherehani. Nani wa kumbeba?"

Zubeda akacheka mpaka kiti kikalia. Ilikuwa mara ya kwanza tangu zahanati mtu kumwambia kitu cha kweli. Akapangusa macho kwa pindo la kanga.

"Beni, hao ndugu zangu hawawezi. Wananionea haya. Weye huna haya."

"Sina. Tuliziacha Tabora, mzigo ulikuwa mzito."

"Basi nifanyie utani. Kila siku. Usinihurumie."

Benedicta akamtazama, kisha akatazama meza. Akaunyakua ule mkasi mkubwa wa kukatia vitambaa, akajifunga kibwebwe, akaondoka. Zubeda akabaki na kitambaa cha mtu kimekatwa nusu. Ilimbidi anyanyuke. Mkasi aliukuta kwenye genge la nyanya, pale kona, na muuzaji akiwa amekwisha pewa maagizo: asimkabidhi mpaka mama mwenyewe afike kwa miguu yake.

Ndivyo walivyoanza. Mchana Benedicta alipita, akala nusu ya kilichokuwa sahanini, mara nyingine nusu iliyo kubwa, akamwachia mchicha. Jioni aliondoka na mkasi. Leo genge, kesho kisimani, siku nyingine msikitini kwa muadhini, ambaye hakufurahi kuwekeshwa mkasi wa kike lakini aliutunza. Kila baada ya siku chache mkasi ulisogea mbele kidogo. Mtaa ukaona sinema ya bure. Watu walikaa vibarazani saa za jioni kumtazama fundi akiufuata mkasi wake.

"Fundi, mkasi umepita bondeni," walimwelekeza. "Kaza mwendo, utashika kutu."

Shomari aliona haya siku za mwanzo. Kisha akaanza kubahatisha na wenzake barazani, leo mkasi uko wapi. Na magoti, ambayo ndiyo yaliyokuwa na kesi, yakaanza kunyamaza. Zubeda aligundua hilo siku aliyomaliza upindo mzima wa gauni bila ya kupumzika. Hakumwambia mtu. Alikanyaga tena, ahakikishe.

Arusi ya Nusaiba ikawadia. Wakwe walikuja toka Kimbiji na matarumbeta yao, wakaandikiwa masinia ya pilau kwa Mauwa. Zubeda, kama mama mkubwa, aliketi jamvini na wakubwa wa kike wa upande wa bwana arusi, akiwa amevaa gauni alilojishonea mwenyewe. Alikuwa amelipunguza kiunoni, si haba. Alikuwa akingoja mmoja wao alione.

Benedicta akatokea nyuma yake. Akainama, akachota nyama zote za upande wa Zubeda, akazitia kwenye kisahani chake.

"Wakwe, msishangae," akasema. "Huyu ndovu wetu tunamfundisha kula majani."

Wanawake wa Kimbiji wakaangua kicheko. Hawakuwa na ubaya, utani wanaujua. Lakini Zubeda alikuwa amezoea kutukanwa mbele ya majirani, siyo mbele ya wakwe, na siyo ndani ya gauni lile. Damu ikampanda.

"Niheshimu, Benedicta. Mie si mwenzio," akasema. "Wewe huna mume, huna mtoto, huna wa kumpikia. Ndiyo maana unazungukia sahani za watu."

Kicheko kikakatika. Watu hutambua mara moja neno lililotoka nje ya utani, kama wanavyotambua mlio wa chungu kilichopasuka. Benedicta akazirudisha nyama siniani, moja moja, akapangusa vidole.

"Samahani, dada Zubeda," akasema. "Nimepitiliza."

Miaka yote hajapata kumwita dada.

Juma lililofuata alileta mitumba kama kawaida. "Habari za kazi, fundi. Hizi zipunguzwe mabegani. Umependeza." Hakugusa sahani. Zubeda alimsogezea ndizi za kukaanga, za mafuta hasa, akazisukuma mpaka ukingo wa meza.

"Karibu, Beni."

"Ahsante, nimeshiba."

Mkasi ulikuwa palepale. Benedicta akaaga kwa adabu, akaondoka. Zubeda akazila ndizi zote peke yake, na hapakuwa na mtu wa kumzuia. Mauwa alifurahi, akaleta vitumbua. Shomari akanunua mishikaki. Kila mtu akawa mwema tena. Baadaye Benedicta hakuja kabisa, na habari zilisema anapeleka nguo zake kwa fundi mwingine. Siku moja, katikati ya upindo, goti likasaga. Zubeda akaondoa miguu kwenye cherehani, akautazama mkasi.

Alifikiria kumtuma Shomari na samahani. Lakini samahani ndiyo iliyoharibu mambo. Samahani ni ya watu wanaostahiana, na kama wataendelea kustahiana hivi yeye atakaa kitini hapo mpaka waje kumshika mkono. Mtani harudishwi kwa adabu. Inabidi ukamchokoze kwake. Na kwake ni Segerea, huko ambako mkasi haujapata kufika hata robo ya njia.

Aliondoka asubuhi, jua halijakaza, mkasi kautia kwenye kibwebwe. Bondeni alipita vizuri. Baada ya kidaraja cha mbao alikaa kwenye jiwe. Akanyanyuka. Alikaa tena chini ya ubao wa fundi baiskeli, akasingizia anasoma bei. Magoti yalimwambia arudi, naye akayajibu kwamba kurudi sasa ni mbali kama kwenda. Karibu na gereza askari mmoja alimwona anavyohema, akamhurumia.

"Mama, umekuja kumwona nani?"

"Mtani wangu."

"Kafungwa miaka mingapi?"

"Mpaka nitakapomtoa," Zubeda akasema, akaendelea na safari.

Alimkuta Benedicta uani kwake, ameketi kwenye mkeka, anachambua magauni na kuyapanga mafungu mawili. Zubeda hakupiga hodi. Hakusalimu. Alikwenda moja kwa moja kwenye furushi lililokwisha fungwa, akaliinua kwa mikono miwili, akajitwika kichwani.

"Babu zenu walibeba mizigo ya watu toka Tabora," akasema, pumzi zikimtoka vipande vipande. "Leo Mzaramo kaja kubeba wa Mnyamwezi. Unataka nguo zako, nifuate."

Akageuka kuelekea njiani. Alipiga hatua chache. Nyayo za kumfuata hakuzisikia, naye akawaza kwamba huenda kakosea, huenda neno la arusini halina dawa, na atalibeba furushi hili mpaka Kimanga bure.

"Ndovu," Benedicta akasema. "Umepita kwenye kidaraja?"

"Nimepita."

"Bado kipo?"

Zubeda akalitua furushi, akalikalia, akacheka na kuhema kwa pamoja mpaka kikohozi kikamshika. Benedicta akamletea maji kwenye kata. Alikunywa yote. Lakini neno lilikuwa bado lipo kati yao.

"Lile neno la arusini," Zubeda akaanza.

"Lile halikuwa la utani."

"Halikuwa."

"Liliniuma. Nilirudi hapa nikapika chungu kizima, nikakitazama." Benedicta akakunja gauni moja, akalikunjua, akalikunja tena. "Lile utalilipa."

"Kwa kitu gani?"

"Kwa miguu. Usidhani umemaliza kwa kuja mara moja."

Ndani palikuwa na ugali na mlenda, wakala sahani moja, na Benedicta akausogeza ugali upande wake, ule mwingi, bila ya kusema kitu. Zubeda hakuudai. Walipomaliza aliuchomoa mkasi kwenye kibwebwe, akauweka mkekani kati yao, upande wa mpini ukimwelekea mwenzake. Kisha akajigeuza kutazama kuku wa Benedicta, kuku wa kawaida kabisa, akawatazama kwa muda.

Alipogeuka mkasi haukuwapo, na Benedicta alikuwa anachambua magauni.

"Nina kazi ya mtu kesho," Zubeda akasema. "Bila mkasi sikati."

"Basi uamke mapema," Benedicta akasema.