Taa ya Lundeskjer Yamfuata Gudveig

Jumapili ya kuzindua kibao, Gudveig alisimama chini ya mnara wa taa wa kisiwa cha Lundeskjer akioka vafler, zile chapati tamu za maziwa na mayai, na kuzipaka jamu. Walimpa meza hiyo kwa kuwa ni mjane wa Torleif, na kwa kuwa vafler zake hazina mpinzani pwani nzima.

Kibao cha shaba kilimsifu Torleif, mtunza taa, kwa miaka thelathini ya kukesha. Torleif, Mungu amrehemu, alikuwa mtu mwema mwenye usingizi wa pono. Ukungu ukitanda alijifunika blanketi, na Gudveig ndiye aliyepanda ngazi kuizungusha taa kwa mkono, mimba isiwe kisingizio wala maumivu ya jino yasiwe kisingizio.

Aliwahi kumwomba meya, Sigbjørn, waongeze na jina lake yeye kwenye kibao.

“Nafasi imekwisha, Gudveig,” meya alimjibu. “Shaba si mpira.”

Sasa Sigbjørn alipoanza kuhutubia, taa iliwaka mchana kweupe, ikaacha kuzunguka, ikammulika Gudveig. Alipokwenda kuchukua maziwa, mwanga ukamfuata. Alipoingia chooni, ukamsubiri mlangoni.

“Gudveig, hebu sogea,” meya alisema. “Unatuharibia picha.”

“Nisogee wapi, mwanangu? Hiyo taa ni kaidi. Najua, nimeilea mwenyewe.”

Watu wakageuza viti ili mwanga usiwaumize macho, na hotuba ikaendelea.

Jioni mwanga ulivuka maji pamoja naye hadi bara, ukatulia kwenye dirisha la jiko lake. Tangu hapo meli huja jikoni. Manahodha hufunga kamba kwenye mti wake wa tufaha, huvua buti mlangoni, huomba kahawa na jibini la kahawia. Wote wanamwita kwa jina.

Wiki iliyofuata Sigbjørn alileta mapazia mazito meusi, zawadi ya manispaa.

“Yafunge vizuri, mama. Meli zinapotea.”

“Na kibao?”

“Kibao kimeshakazwa skrubu.”

Iliuma. Gudveig akamfungia vafler mbili za njiani, kwani safari ni safari. Mapazia aliyakata akayashona aproni, maana manahodha wanamwaga sana kahawa.

Kibao kiko palepale kisiwani na jina moja tu, la Torleif. Usiku hakisomeki, kwa sababu kule kisiwani siku hizi ni giza tupu.