Kijiti cha Kupimia Moshi

Mimi sijawahi kuandika nambari ambayo macho yangu hayajaiona. Muulize mtu yeyote kwenye uwanja wetu mdogo wa ndege, huku nyuma ya mashamba ya ngano ya Njoro. Ndege ikienda Mara na ikirudi, napanda ngazi, nachovya kijiti kwenye tangi la bawa, nasoma, naandika daftarini mafuta yaliyochomwa. Kwa hesabu hiyo kampuni hujua moshi wake na kuutangaza kwa dunia.

Mwezi wa saba akaja Wawira, mkaguzi wa hesabu za moshi, na viatu visivyojua tope. Nikamwambia hapa tuko wasafi kuliko hewa yenyewe. Hakucheka. Akanieleza kwamba kilo moja ya mafuta ikichomwa hutoa zaidi ya kilo tatu za hewa ya kaboni. Nikaona ananibeba ufala. Kilo inazaa kama sungura? Akasema uzito mwingine injini inauvuta kutoka hewani, kisha akarudi kwenye daftari langu.

"Juni nzima, kila siku lita mia mbili kamili. Mvua, upepo, abiria wawili, abiria tisa."

"Rubani wetu ana mkono mtulivu, madam."

Mwezi huo lori lilileta lita elfu saba, akasema. Daftari linasema ndege imekunywa elfu sita. Tangi la uwanja lilianza mwezi tupu, likamaliza na mia moja. Sasa mia tisa ziko wapi?

Nikakohoa, nikatazama geti. Kiprugut, dereva wa lori la mafuta, alikuwa anapangusa kioo. Miaka kumi na moja analeta mafuta kutoka Eldoret, hajachelewa hata siku moja. Nikasema mimi sitaji mtu, lakini dereva akisimama Salgaa kula, lori hubaki peke yake, na majerikeni ya Salgaa yana miguu.

Wawira akamwita. Kiprugut akasema sili zinazofunga tangi la lori hufika zikiwa nzima, siku zote. Wawira akamjibu kwamba kama hakuna maelezo mengine, jina lake litaingia kwenye ripoti, na hilo lori hataliendesha tena. Mzee wa watu akavua kofia, akaishika kwa mikono miwili. Mimi nikachunguza mawingu.

Wakati huo mathe Nanyama, anayeuza chai kando ya ua, alikuwa amekuja kukusanya vikombe vyake. Wawira akaniomba kijiti, apime mwenyewe. Nikasema kiko stoo, na ufunguo bosi ameenda nao huko Kiamunyi.

Nanyama akaweka vikombe chini.

"Kijiti gani, kile cha alama nyekundu? Si ndicho kinashikilia dirisha la kibanda changu tangu Pasaka." Akanigeukia kwa upole kabisa. "Kijana wangu, si ulinipa mwenyewe, ukasema ngazi ni baridi asubuhi na huna kazi nacho?"

Kiprugut akarudisha kofia kichwani. Wawira alikuwa ameshaanza kutembea kuelekea kibandani, Nanyama akimwonyesha njia.